Kutoka Mwalo Hadi Mwalo

Kabla ya mwaka 1977, mtu wa Kampala aliyetaka kuliona ziwa lote alishuka Port Bell, akakata tikiti, akapanda meli. Meli yenyewe iliitwa Victoria. Ilijengwa Glasgow huko Uskochi, ikasafirishwa vipande vipande mpaka Mombasa, ikapandishwa reli hadi Kisumu, na huko ikaungwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Njia yake ilikuwa duara: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, halafu Kisumu tena. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, meli ziligawanywa kama mali ya marehemu. Kenya ilibaki na Uhuru, Tanzania ikabaki na Umoja na Victoria. Uganda ilikuja kununua meli zake za kubeba mabehewa kutoka Ubelgiji miaka ya themanini, na mojawapo, Kabalega, ilizama Mei 2005 baada ya kugongana na mwenzake Kaawa. Duara likakatika. Vipande vyake vipo bado, lakini anayetaka kuvipita vyote inabidi aviunganishe mwenyewe, meli hapa, basi pale.

Mimi nilivipita wakati wa likizo ndefu ya mwaka 2023, baada ya mwaka wangu wa pili wa kusoma Kiswahili. Nilikuwa nimeweka akiba kwa kuwafundisha watoto wa majirani jioni, na pesa hiyo ilitosha nauli, vyumba vya bei nafuu na chakula cha kando ya barabara. Sikwenda kupiga picha, ingawa nilipiga. Nilikwenda na swali. Darasani tunajifunza Kiswahili kinachotazama mashariki: Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa. Mashairi tunayochambua yananuka chumvi. Hata neno bandari lilitoka Uajemi likafika kwetu kwa jahazi. Nalo ziwa letu, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,000 na nchi tatu kandokando yake, tunaliacha kwa watu wa jiografia. Nilitaka kujua Kiswahili kinafanya kazi gani kwenye maji tunayokunywa.

Swali hilo halikutoka kitabuni. Lilitoka nyumbani. Sisi ni watu wa Luzira, na ukisema hivyo Kampala watu hucheka kwa sababu ya gereza, lakini Luzira ina kitu kingine nacho ni Port Bell, bandari iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell. Babu yangu alikuwa mpakiaji wa mizigo pale, enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki. Jajja, mkewe, alipika chakula akawauzia mabaharia. Wote wawili walizungumza Kiswahili kutwa nzima. Cha jajja kilikuwa cha kuhesabu pesa na kugombana na wasiolipa, na husemwa alikuwa hodari kwa vyote viwili.

Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya themanini. Wenzangu wa Kampala mmeshasikia habari za panda gari kutoka kwa wazazi wenu. Askari walizingira mtaa alfajiri, wakawakusanya watu na kuwaamuru wapande malori, na amri hiyo ilitoka kwa Kiswahili, ndiyo maana operesheni zenyewe zikaitwa hivyo hivyo. Kaka yake jajja alipanda lori mwaka 1982. Hakurudi. Tangu hapo Kiswahili hakikuingia tena katika nyumba ya jajja. Redio ikianza kukizungumza, anaizima. Nilipopata nafasi ya chuo na kumweleza nitakachosoma, hakunikemea. Aliniuliza tu kwa Kiganda, “Utakuwa askari?”

Hili ndilo jambo ambalo mihadhara kuhusu sera ya lugha inalipita juu juu. Tunajua tarehe zote. Mwaka 1927 gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi mashuleni na serikalini. Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa maandishi. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na kutangazwa na Amin hakukukisaidia hata kidogo. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Yote hayo ni karatasi. Jajja hasomi gazeti la serikali, na hata angelisoma, lori la mwaka 1982 halikuandikwa humo.

Basi nikaanzia Port Bell, nikaulizia meli ya abiria kwenda Mwanza. Mlinzi aliniambia kwamba meli zinazotoka hapo kwenda Mwanza ni za mizigo. “Wewe ni mzigo?” aliniuliza. Nikapanda basi la Bukoba.

Njia ni ya Masaka, Kyotera, mpaka Mutukula. Mutukula kuna jambo moja la kuvutia: lugha inabadilika bila mtu kutangaza. Wabadilisha fedha walinifuata kwa Kiganda upande huu, na hatua chache mbele wale wale wakaendelea na sentensi zao kwa Kiswahili, bila hata kuvuta pumzi. Baada ya mpaka tulivuka daraja la Kyaka juu ya mto Kagera. Mzee aliyeketi jirani yangu alikuwa ameshajua ninakotoka. Akanyoosha kidole dirishani. “Wajomba zako walipita hapa mwaka 78,” alisema, “na daraja wakalivunja. Hawakuaga.” Akacheka, akanipa ndizi mbivu. Nilimshukuru kwa vyote.

Bukoba ni mji mdogo uliokaa chini ya mlima ukitazama maji, na mbele yake kisiwa cha Musira kama jiwe lililosahauliwa na mtu. Nilikaa siku mbili na kwa siku hizo mbili sikujisikia mgeni. Wanatafuna buni za kahawa zilizokaushwa kama wanavyofanya wazee wa kwetu. Wanaziita akamwani, sisi tunasema emmwanyi. Ndizi za kupika ni ebitoke, kwetu amatooke. Sokoni mwanamke alikuwa na vifuko vidogo vya senene wa kukaanga, na nilipotamka “nsenene” hakushangaa, aliongeza tu wachache juu ya kipimo. Hata Kiswahili cha pale kina mdundo ninaoujua, sauti inapanda na kushuka mahali pale pale ambapo wahadhiri wetu hutusahihisha tukisoma kwa sauti.

Meli ya kwenda Mwanza huondoka usiku. Na meli yenyewe ni ile ile. Baada ya kukaa miaka mingi bila kufanya kazi ilikarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina refu, New Victoria Hapa Kazi Tu, hiyo kaulimbiu ya Rais Magufuli ikiwa imebandikwa nyuma ya jina la malkia. Nilipopanda ngazi niligusa ubavu wake wa chuma. Ilikuwa ni kitu cha kwanza katika safari ile ambacho nilikuwa na hakika kwamba babu naye alikigusa.

Kutoka Bukoba meli haiendi moja kwa moja. Husimama Kemondo, mwendo mfupi upande wa kusini, kupakia shehena. Abiria wengi walikuwa wameshajifunika vitenge na kulala. Mimi nilibaki kwenye sitaha, maana Kemondo usiku ni tamasha. Taa kali za gati, malori yamejipanga kinyumenyume, makuli wakipanda na kushuka na mikungu ya ndizi mabegani, mmoja anaimba, mwingine anatukana, karani anaandika. Mikungu ilikuwa mingi hata nikaacha kuhesabu. Karibu nami alisimama mama mmoja mnene mwenye koti la sufi, ameegemea chuma, akifuata kwa macho mikungu yake tu katika ile mamia. Alihesabu kwa Kiswahili. Kuli alipougonga mkungu kwenye ngazi, alimkemea kwa Kihaya. Kisha akarudi kwenye hesabu, palepale alipokuwa ameachia.

Alipomaliza nilimwamkia. “Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umetokea wapi wewe? Kiswahili chako kimepigwa pasi.”

“Natoka Kampala, mama. Nakisoma chuoni.”

“Kampala! Basi sogea huku, hapo ulipo kuna upepo. Hicho Kiswahili wanakisoma? Sisi tunakiuza.”

Alikuwa akipeleka ndizi Mwanza karibu kila wiki, tangu akiwa msichana. Nilimuuliza kama kuna bandari nyingine kabla ya Mwanza. Akasema hakuna, meli ikitoka hapo imetoka. Halafu akanifafanulia kwamba bandari ni hizi zenye gati na geti na watu wa mapato, za serikali. “Lakini pwani yote hii ina mialo. Mtumbwi unatia nanga mwaloni, samaki wanashuka mwaloni, mtu anaoga mwaloni. Bandari hata huwezi kuoga.”

Mwalo. Nilimwomba aseme tena. Kwa Kiganda omwalo ni mahali mitumbwi inapofikia, na ukitokea Luzira huwezi kukua bila neno hilo. Wingi ni emyalo. Yeye anasema mwalo, mialo. Ngeli ile ile, maana ile ile, na amelitamka katikati ya Kiswahili chake bila kuliombea ruhusa. Baadaye niliona kuwa si neno la wachuuzi tu: hata maofisa wa uvuvi wa Tanzania huandika mialo katika taarifa zao. Wapwani wana diko kwa kazi hiyo hiyo. Ziwa lina mwalo. Mtu akiniuliza nilileta nini kutoka safari ile, ningemjibu kwa neno hilo moja, na nisingeona haya kwamba lilikuwa limekaa mdomoni mwangu tangu utotoni.

Meli ilipoondoka Kemondo taa za nchi kavu zilipotea haraka. Ziwa usiku halina mwisho. Mtu aliyezoea kuliona kutoka Luzira, ambako daima kuna kisiwa cha kupumzishia macho, anaweza kuogopa. Kila mtu alikuwa amejua boya lake lilipo. Hapo awali mabaharia walituonyesha namna ya kulivaa, na niliona jinsi watu wazima walivyosikiliza, kwa utulivu ambao sijawahi kuuona katika basi wala kanisani. Sababu naijua, na kila mtu wa Bukoba anaijua. Alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, ikitoka katika njia hii hii na imejaza watu kupita uwezo wake, ilipinduka ikiwa imebakiza masafa mafupi kufika Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Waliotoboa ubavu wa meli kuwaokoa waliokwama ndani waliitoa hewa iliyokuwa ikiishikilia, nayo ikazama. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, nje ya Mwanza, na wengi wengine hawakupatikana.

Sikumuuliza yule mama. Ilikuwa karibu kucha, watu wameanza kukunja vitenge, aliposema mwenyewe, akitazama maji na si mimi, kwamba dada yake alikuwemo. Hawakumpata. Wale waliokaa karibu walifanya ishara ya msalaba, na mzee mmoja mwenye kofia akainua viganja akasoma dua. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nadhani ni desturi yao kila meli inapopita pale.

“Na bado unapanda, mama?” nilimuuliza.

“Ndizi hazitembei juu ya maji,” alisema. Akafungua kifuko chake akanipa muhogo uliochemshwa.

Nilimfikiria jajja asubuhi yote ile. Sikutaka kumlinganisha na huyu mama, wala sasa sitaki. Kuzamishwa na ziwa si sawa na kuchukuliwa na mtu mwenye bunduki. Ziwa halikutoa amri. Lakini niliona jinsi mmoja alivyobaki na biashara yake na njia yake na lugha yake, na mwingine alivyofunga mlango, na nikajiuliza kama jajja angefunga mlango ule endapo meli ingeendelea kuja Port Bell. Mabaharia wangefika jioni wakitaka chakula. Kiswahili kingekuwa na sauti mbili masikioni mwake, ya lori na ya mteja. Duara lilikatika mwaka 1977, lori likaja 1982. Ikabaki sauti moja.

Mwanza nilipokewa na mawe. Mji mzima umejengwa juu ya mawe makubwa, nyumba zimeng’ang’ania kama mbuzi, na Jiwe la Bismarck limesimama majini karibu na ufuko kana kwamba litaanguka leo. Mwalo mkubwa uko Kirumba, na watu huuita tu Mwaloni. Nilishinda pale siku nzima nikiuliza majina ya samaki. Wenyeji walidhani ninafanya utafiti wa maana, wakanisaidia sana. Samaki yule mkubwa aliyeletwa ziwani miaka ya hamsini na sitini, ambaye sisi twamwita mpuuta, hapa ni sangara. Ngege wetu ni sato. Mukene ni dagaa. Wazee wa pale walijua majina yote matatu, letu, lao na la Wajaluo, kwa sababu wavuvi huvuka mipaka na samaki pia. Muuzaji mmoja wa dagaa alinitajia bei kwa shilingi za nchi tatu bila kutumia kikokotoo. Nikasema kimoyomoyo kwamba mtu huyu ndiye angepaswa kufundisha somo la umilisi wa lugha.

Bandarini niliiona kwa mbali meli mpya, MV Mwanza Hapa Kazi Tu, iliyoteremshwa majini Februari mwaka ule ule na bado ikimaliziwa. Ilikuwa ikijengwa kubeba abiria 1,200, na waliokuwa wakiitazama pamoja nami walisema itafika hadi Kisumu na Port Bell. Nilitaka kuwaamini.

Ningeweza kuishia hapo nikiwa na furaha, nimepata nilichokitafuta. Lakini kuna kivuko cha kwenda Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa saa tatu hivi, na ningepitaje bila kwenda? Ukerewe ndiko nyumbani kwa Aniceti Kitereza. Tuliosoma riwaya ya Kiswahili tunaijua kazi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wachache tunajua jinsi ilivyopatikana. Aliimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe. Hakupatikana wa kuichapisha kwa lugha hiyo. Akakaa nayo, akazeeka nayo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Niliposhuka Nansio kijana wa bodaboda alinipeleka kuzunguka. Nilimuuliza kama anazungumza Kikerewe. “Nakisikia,” alisema, na huko kusikia ni kuelewa. “Kukizungumza, hicho ni cha bibi.” Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeeleza mgawanyo wa kazi nyumbani.

Jibu lake liliniharibia hesabu. Toka Bukoba nilikuwa nikijenga hoja yangu nzuri, kwamba Kiswahili cha ziwa kimebeba maneno yetu mgongoni, kwa hiyo Waganda hatuna la kuogopa. Sasa hapa palikuwa na kisiwa ambacho mwandishi wake mkubwa alipata wasomaji kwa kuiacha lugha aliyoandikia, na wajukuu wanaisikia tu. Kabaka Daudi Chwa alipoandika kupinga mapendekezo ya Gowers, hofu yake ilikuwa hii hasa, na darasani huwa tunamcheka kidogo kama mtu aliyezuia maendeleo. Sidhani kama nitamcheka tena. Na bado bila Kiswahili, Kitereza angebaki na mswada wake ndani ya sanduku, na mimi nisingejua jina lake. Nililibeba jambo hili katika kivuko cha kurudi nikaligeuza kila upande, nalo likabaki na pande mbili. Mabegi ya abiria yalikuwa na machungwa. Ukerewe ina machungwa matamu ajabu. Nikala manne.

Kuhusu kipande kilichobaki sina mengi. Mwanza hadi Kisumu nilikwenda kwa basi, nikipita Musoma na mpaka wa Sirari, njia ndefu ya vumbi na ng’ombe. Kisumu ndiko reli ilikofika mwaka 1901 na ndiko meli nyingi za zamani zilikoungwa, kwa hiyo nilitarajia mji unaojivunia bandari. Nilikuta bandari imepakwa rangi, ina ulinzi mkali, na magugu maji ya kijani yametanda mbele yake kama shamba la mpunga. Meli ya Uhuru imekarabatiwa na inapeleka mafuta Port Bell. Mafuta, si watu. Nilipowauliza wauza samaki kuhusu mwalo hawakulijua neno hilo. Wao husema bichi, na dagaa ni omena. Basi neno langu lina mpaka wake, unaopita mahali fulani kati ya Musoma na Kisumu. Kijana aliyenikaangia ngege alinisikiliza nikiagiza, akamgeukia mwenzake: “Huyu anaongea kama Biblia.” Hata hivyo ngege kwao ni ngege, kama kwetu. Nilifurahi kumkuta.

Nilirudi kupitia Busia na Jinja, nikafika Luzira usiku wa kuamkia Jumapili. Jajja alikuwa macho. Nilimpa kifuko cha senene kutoka Bukoba na machungwa mawili yaliyosalia. Alionja senene, akasema chumvi imezidi, akaendelea kula. Kisha akataka kusikia habari.

Nilimweleza kwa Kiganda, kama tunavyofanya siku zote. Daraja, kisiwa cha Musira, meli. Alitaka kujua kama ni ile ile, na ngazi zake ziko upande gani siku hizi. Aliniuliza kama Kemondo bado inasimama, na hapo ndipo nilipojua kuwa aliwahi kufika. Nikamsimulia kuhusu yule mama na mikungu yake, na dada yake. Maneno ya yule mama sikuweza kuyasema kwa Kiganda, yasingekuwa yake tena, kwa hiyo niliyasema kama alivyoyasema. Jajja hakunikatiza. Mikono yake ilikuwa juu ya kifuko. Nilipofika pale pa ndizi hazitembei juu ya maji, nilivuta pumzi ili nimfasirie.

“Mpulidde,” alisema. Nimesikia.

Kisha akaniuliza huko Mwanza mkungu mmoja unauzwa shilingi ngapi.